Fungu la Mzazi

Bi Zulekha Kificho alikuwa na tabia moja ambayo mumewe, Mungu amrehemu, aliihesabu kuwa ni ila: hawezi kukaa na mtu nusu saa akaondoka hamjui. Ukikutana naye kisimani, unarudi na ndoo yako umeshamweleza jambo ambalo hata dada yako wa tumbo moja hajalisikia. Wala hakuwa mmbea, tuseme ukweli. Mmbea huuliza apate cha kwenda kutoa kwingine. Bi Zulekha aliuliza, akasikiliza, akenda zake nalo, na likaishia hapo. Watu wa kijiji chake, Kiuyu, walimjua hivyo, ndiyo maana wakamwambia.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliipata mwaka tisini na tano, mwaka aliofiwa na mwanawe wa kwanza, Mardhiya, mtoto wa miaka mitatu, kwa homa ya siku nne. Huko alikompeleka kutibiwa, bwana mmoja wa koti jeupe alimuuliza, "Kwa nini umechelewa?" na hakuinua kichwa kusikia jawabu. Mtoto akafa alfajiri. Walikuja watu wengi kumpa pole. Kila aliyekuja alimwambia asubiri, mtoto atakuwa shufaa yake Akhera, kisha mazungumzo yakahamia kwenye karafuu na mvua. Ilipofika wiki ya pili hakuna aliyelitaja tena jina la mtoto mbele yake, kana kwamba jina nalo limezikwa. Ni bibi mmoja tu, Bi Mwatum, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja mchana mmoja na ungo wake. Alikaa kizingitini akawa anachagua mchele, na katikati ya kuchagua akauliza, "Kwani huyu Mardhiya alikuwa akipenda kula nini?" Zulekha alifungua kinywa atoe neno moja. Alisema tangu adhuhuri mpaka wakaadhini alasiri. Alilia, akacheka, akalia tena. Bi Mwatum hakumwambia asubiri. Aliuliza la pili na la tatu, na mchele wake ukachaguliwa mara mbili.

Tangu hapo Zulekha akawa na imani yake mwenyewe, ambayo hakupata kumhubiria mtu: aliyefiwa ameshaambiwa vya kutosha, kilichobaki ni kuulizwa.

Kazi iliyomlisha ilikuwa mwani. Miaka ishirini na kitu aliinama majini akifunga na kufungua kamba, mpaka mgongo ukakataa kunyooka na vidole vikapasuka kwa chumvi. Baadaye maji yakawa ya moto, mwani ukaoza ukiwa kwenye kamba, na wanawake wengi wa Kiuyu wakarudi majumbani na vigingi vyao. Ndipo mradi mmoja wa afya ulipotafuta mtu wa kijijini, anayejua kusoma na asiyeogopwa, wa kwenda kwenye nyumba zilizofiwa na kuuliza mauti yalikujaje. Ofisini kazi hiyo ina jina refu lisilokaa kinywani. Bi Zulekha aliiita kwenda kuuliza.

Walimpeleka mjini Wete siku tatu kufundishwa. Msimamizi wao alikuwa Ashraf, kijana wa mjini Chake aliyesoma Unguja, mpole, shati lake limepigwa pasi hata mikononi. Aliwagawia fomu ya kurasa kumi na nne. Ulizeni kama ilivyoandikwa, alisema, msiongeze wala msipunguze, na mahojiano yasizidi dakika arubaini na tano. Bi Zulekha alikuwa na miaka hamsini na nne na hakutaka kubishana na mtoto wa watu mbele ya wenziwe. Alichukua fomu zake, akarudi Kiuyu, akafanya anavyojua yeye. Fomu ilibaki kwenye mkoba mpaka mtu ameshasema yake yote, kisha ndipo aliitoa akaijaza taratibu, na mara nyingi hakuwa na haja ya kuuliza hata swali moja la mle ndani. Alipofika kwa Mzee Himid, ambaye mkewe alikufa kwa presha, alimkuta amenuna, hataki kuonana na mtu yeyote wa serikali. Bi Zulekha akamuuliza ni nani sasa anayemtilia sukari chai yake. Mzee Himid alimtazama, akasema, "Hakuna, naitia mwenyewe, na kila siku nakosea." Akaanza hapo. Bi Zulekha alitoka kwake baada ya saa tatu, na Ashraf alipoona saa ya kuanza na saa ya kumaliza alidhani karatasi imekosewa.

Mambo ya Mchangani yalitokea mwezi wa tatu. Mchangani ni kitongoji cha nyumba kumi na mbili, chini ufukweni, watu wake wavuvi na wakulima wa mihogo, wote ndugu au wakwe. Wiki moja waliugua karibu nusu ya kitongoji. Watoto walitapika, watu wazima walilalamika koo linawaka na ulimi umechubuka, wengine hawakuhisi kitu. Wote wakapona. Kasoro mmoja, kichanga cha siku ishirini na tisa, mtoto wa kwanza wa Jabir na mkewe Asya. Yeye hakutapika wala hakulia. Alilala tu, akazidi kulala, na Alkhamisi asubuhi akawa hapumui. Walimzika kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyemuunganisha na maradhi ya wakubwa, kwani wale waliharibikiwa na matumbo kwa kitu walichokula, na yeye alikuwa hana hata jino. Walisema amepigwa zongo, jicho la mtu limemwingia. Wengine walikuwa wameanza hata kuulizana ni nani aliyemtazama.

Ashraf alishuka mwenyewe na kibao chake cha kugusa. Aliingia nyumba kumi na mbili akiuliza walikula nini wiki ile, na nyumba zote kumi na mbili zikamjibu neno moja: wali na mchuzi wa samaki, tasi. Aliandika tasi mara kumi na mbili. Alimpigia simu Bi Zulekha kumwambia.

"Ashraf mwanangu," alisema, "toka niumbwe sijaona mtaa mzima ukapata tasi siku moja."

"Sasa unahisi wanaficha kitu?"

"Nahisi kuna kitu kimeliwa, na yamkini kingine kimebaki. Nipe siku moja."

Alikuwa na dhana yake. Kiuyu nzima inajua kwamba kasa haruhusiwi kuvuliwa, na kwamba ukishikwa naye ni jela. Inajua pia kwamba anapoingia wavuni mwenyewe, ni wavuvi wachache wanaokumbuka sheria. Na Wete, mafunzoni, daktari mmoja wa kike aliwaambia kwa maneno machache, watu wameshaanza kunyanyuka kwenda kunywa chai, kwamba kuna misimu kasa anakula kitu huko baharini na nyama yake inakuwa sumu. Sumu hiyo haitoki kwa moto wala kwa chumvi. Mtu mzima anaweza kunusurika kwa kuchubuka ulimi tu. Mama anayenyonyesha anaweza asihisi chochote, ikapita kwenye maziwa. Bi Zulekha alibaki kitini siku ile chai ikimalizwa na wenziwe, akiliandika lile neno la mwisho kwenye daftari.

Alifika Mchangani siku ya tisa baada ya mazishi, adhuhuri imeshasaliwa. Barazani alimkuta Bi Mize, mamake Jabir, anasuka ukili wa mkeka.

"Asalaam alaykum, Bi Mize."

"Wa alaykum salaam. Karibu. Kijana wenu kashakuja na kibao chake, tushamjibu."

"Najua. Mie sikuja na kibao. N'mekuja kumuona Asya."

Bi Mize aliutazama mkoba wake, akamtazama usoni. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mama ambaye mwanawe amefanya jambo la jela, na kila mgeni kwake alikuwa askari. Bi Zulekha alikaa, akachukua vipande vya ukili, akasuka naye mpaka ukili ukafika urefu wa mkono. Walizungumza mihogo na nguruwe pori wanaoichimba. Ndipo Bi Mize akasema, kwa sauti ya chini, "Ingia. Hali, hasemi. Anikaushia maji yangu tu kwa kuoga."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililofungwa. Asya, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, alikuwa kitandani ameegemea ukuta, kifua amekifunga kwa kanga kwa nguvu ili maziwa yakatike, na kanga yenyewe imelowa mbele. Bi Zulekha alimpa pole moja tu, fupi, akakaa chini kwenye mkeka. Aliona juu ya sanduku kijikofia cha uzi cha manjano. Hakukigusa.

"Jina lake nani?"

Asya aligeuza kichwa. "Nani?"

"Huyo mwanao."

"Suhail."

"Nani kampa?"

"Mie. Jabir alitaka la babake, nkakataa. Nkamwambia, la babako utampa wa pili." Midomo ilimcheza, na machozi yakaja nyuma yake. Bi Zulekha hakumwambia anyamaze. Aliuliza Suhail alikuwa akilala vipi. Asya akasema alikuwa akilala mkono sikioni, kama mtu anayesikiliza redio, na kila ukiuondoa anaurudisha. Aliuliza alifanana na nani. Asya akasema kucha za babake, zilezile, pana, hata Jabir alicheka. Aliuliza alipenda kuimbiwa au hakupenda. Asya akamwimbia hasa, mistari miwili, kwa sauti iliyokwaruza. Halafu akalia kwa nguvu, na nje ukili ukanyamaza. Baadaye alifuta uso kwa pembe ya kanga akasema, "Hakuna aloniuliza jina lake. Wote wasema mtoto, mtoto."

Bi Zulekha angeweza kukaa hapo mpaka magharibi. Lakini alikuwa amekuja na jambo jingine, na alilijua wakati wote alipokuwa akimsikiliza. Aliuliza taratibu.

"Na weye, siku zote hizo ulikuwa ukipikiwa nani?"

"Mama mwenyewe. Hakuniacha. Uji wa pilipili manga kila asubuhi, kuku wawili kanichinjia."

"Na fungu lako lilikuwa likitoka?"

Huko Mchangani, na vitongoji vingine vya pwani ile, mwanamke aliye ndani ya arubaini yake huitwa mzazi, na mzazi ana haki isiyoandikwa popote. Kikipanda kitu kikubwa ufukweni, papa au taa au chochote cha kugawana, kisu hakipiti kwa mtu yeyote kabla fungu la mzazi halijakatwa. Mumewe ndiye anayelichagua, na hapangiwi. Wanawake hulizungumza miaka: mie nilipomzaa fulani nilipewa hiki, mie nilipewa kile. Hakuna mzazi atakayekubali ionekane kwamba alizaa na fungu lake halikutoka. Bi Zulekha alilijua hilo vizuri, na kwa kulijua ndiyo maana aliuliza.

"Lilitoka bwana," alisema Asya, na kwa mara ya kwanza aliinua kidevu. "Lilikuwa kubwa. Jabir kanikatia la ubavuni, na mafuta yake ya kijani. Wenziwe wote wamtazama, wasema nawe wampenda mkeo."

Nje Bi Mize alikohoa.

Hakuna samaki mwenye mafuta ya kijani; ni kasa. Bi Zulekha alijua, lakini sauti yake haikubadilika. Hilo ndilo lililomuudhi baadaye, kwamba sauti yake haikubadilika. Aliuliza siku. Jumaatatu. Aliuliza Suhail alianza lini kulala sana. Jumaanne usiku. Asya alijibu yote kwa moyo mweupe, akidhani bado wanazungumza habari za mumewe na mapenzi yake, na Bi Zulekha alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa salamu njema akatoka na kitu chao chini ya kanga.

Alimwambia apumzike kidogo, akatoka barazani.

"Bi Mize. Nyama imebaki?"

"Nyama gani?"

"Ya kasa."

Bi Mize alisuka kipande kimoja, na cha pili. "Wanipelekea mwanangu jela."

"Sikuulizi kavua nani, na sitaliandika. Nakuuliza imebaki?"

"Imebaki. N'meitia chumvi. Jana mchana n'mempikia supu yake, nkamshikilia mpaka kainywa, maana hata kafiwa, bado ni mzazi, damu zamtoka. Hata nyumba nyengine wanayo." Aliinua macho. "Kwani ina nini?"

Bi Zulekha alimwambia. Alimweleza kama alivyoelezwa Wete, bila kupamba, kwanza ulimi na matumbo, halafu maziwa. Bi Mize alisikiliza ukili ukiwa mkononi. Alipofika kwenye maziwa, ukili ulianguka miguuni na hakuuokota. Aliutazama mlango wa chumba. Ni yeye aliyeichemsha supu ile ya Jumaatatu, akaipuliza ipoe, akamshikia mkwewe bakuli.

"Asya asijue," alisema.

"Hatajua."

"Niapie."

"Siapi, Bi Mize. Lakini mie simwambii. Haitamrudisha."

Na alimaanisha. Alishaona wanawake waliobeba swali moja miaka thelathini, naye mmoja wao, na hakutaka kumbebesha mwingine jawabu. Angeandika nyama ya kasa kwenye fomu, Ashraf angeleta watu wa kutangaza vijijini, nyama ingefukiwa leo hii, na Asya angezaa tena, inshallah, akijua kwamba Suhail alikwenda kwa siku zake. Walikuwa wanapanga nani aanze nyumba ipi, waliposikia kitoto kinalia ndani.

Bi Mize alishika mdomo. "Wa Kauthar."

Kauthar alikuwa jirani, aliyezaa wiki tatu nyuma, na jipu lilikuwa limemtoka titi moja na la pili halitoi kitu. Mtoto wake wa kike alikuwa anakondeana kwa maji ya sukari. Asubuhi ile Bi Mize mwenyewe alipendekeza tena aletwe kwa Asya: huku kuna maziwa yanayotesa mtu, kule kuna mtoto mwenye njaa, na akishanyonya ya kutosha atakuwa mtoto wa Asya wa kunyonya, hata nyumba isiwe tupu kabisa. Asya alikuwa ameikataa fikra hiyo siku nne. Leo alikubali. Mwanaasha, mdogo wake Kauthar, alikuwa amemleta kwa mlango wa uani.

Bi Zulekha hakumbuki alivyoingia. Asya alikuwa ameshaifungua kanga. Kile kitoto kilikuwa kimemlalia mkononi, kinageuza kichwa huku na huku kikitafuta, na Asya anajaribu kukielekeza.

"Asya, usimpe."

"Ana njaa huyu, bibi."

"Usimpe. Maziwa yakikaa siku tisa hayafai, yaharibika. Tutayakamua kwanza." Alisema uwongo vibaya, kama watu wasiouzoea. Alikwisha kumchukua mtoto mikononi mwake na kumkabidhi Mwanaasha, aliyebaki ameduwaa mlangoni. Kitoto kikaanza kupiga kelele.

Asya hakuifunga kanga. Alikuwa anamtazama Bi Zulekha, kisha akamtazama mkwewe aliyesimama nyuma yake, na uso wa Bi Mize haukuwa uso wa mtu anayesikia habari za maziwa yaliyolala.

"Mama, alokuwa akinambia asubuhi nimpe ni weye," alimwambia. "Mmesema nini hapo nje?"

Bi Mize alimtazama Bi Zulekha.

"Bi Zulekha. Yana nini maziwa yangu?"

Pangekuwa na njia, angeipita. Alifikiria kumwambia homa, alifikiria dawa ya hospitali. Lakini kesho yeye atakuwa kwake na Asya atakuwa hapa, matiti yamejaa, na mtoto wa jirani analia ukutani. Nani atamzuia? Bi Mize atasafiri, au atalala, au atamhurumia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho hakuwahi kukifanya nyumba ya mtu.

"Ile nyama alokuletea Jabir," alisema.

"Ile ya kasa?"

"Ilikuwa na sumu. Mkubwa haimdhuru sana. Inapita kwenye maziwa."

Mwanaasha alirudi nyuma hatua moja, akatoka uani na mtoto, na kilio kikawa kinakwenda mbali.

"Umejua lini?" aliuliza Asya.

"Sasa hivi. Uliponambia mafuta ya kijani."

"Kwa hivyo mie ndo nlokwambia."

"Wewe ndo ulonambia, mwanangu. Na kama hukunambia, kile kitoto kisingepona."

Hakulia. Watu wa Mchangani waliopenda kuzungumza walisema baadaye kwamba alipiga ukelele ukasikika mpaka pwani, lakini si kweli, hawakuwapo. Alijifunga kanga yake upya, polepole, akikaza fundo. Alimwambia Bi Mize akaitoe nyama yote, asibakishe hata mfupa wa kumpa paka. Bi Mize alitoka kama mtu aliyetumwa na mkubwa wake.

Kwa muda wa saa moja na nusu walizunguka nyumba, Bi Mize na Bi Zulekha na ndoo ya plastiki. Nyumba ya kwanza walikana. Bi Mize akasema mlangoni pale, bila ya kushusha sauti, "Sisi imetuulia. Toeni." Walitoa. Nyumba saba zilikuwa nayo, kwenye vyungu, juu ya mapaa, moja ndani ya ndoo ya unga. Wanaume wawili waliichimbia shimo la kimo cha mtu nyuma ya mihogo, na Jabir alikuwa mmoja wao. Alichimba bila kupumzika na hakuna aliyethubutu kumpokea jembe. Bi Zulekha alisimama kando akampigia simu Ashraf. Alimwambia ni kasa, kwamba mvuvi hamjui na hatamjua, na alete maziwa ya kopo kwa mtoto wa Kauthar leo hii na si kesho. Ashraf hakumuuliza dakika.

Alirudi kuchukua mkoba wake. Hakutaka kuingia chumbani, lakini mkoba ulikuwa ndani. Asya alikuwa amefungua dirisha. Fomu ilikuwa imechomoza, naye alikuwa ameiona.

"Ndo ya Suhail hiyo?"

"Ndo yake."

"Niulize."

"Nitaijaza mwenyewe. Yote nshayasikia."

"Yangu hukuyasikia yote. Niulize kama ilivyoandikwa."

Bi Zulekha alikaa chini. Aliifungua fomu gotini akaanza kuisoma, swali kwa swali, kama alivyofundishwa na asivyofanya hata siku moja. Alizaliwa miezi imetimia? Ndiyo. Alilia alipozaliwa? Ndiyo, akasema Asya, hata wakunga walicheka. Alikuwa na homa? Hapana. Degedege? Hapana. Ngozi ilibadilika rangi? Asubuhi ile tu. Alijibu haraka, uso ameuelekeza dirishani, ambako jembe lilikuwa bado linasikika. Bi Zulekha aligeuza ukurasa.

"Mtoto aliacha kunyonya kabla ya kufariki?"

Asya aligeuka kutoka dirishani.

"Alitaka kuacha," alisema. "Jumaatano yote. Nkimpa, ageuza uso. Mara ya kwanza nkamwacha. Mara ya pili akafunga mdomo, nkamwambia weye waringa. Nkaona atakonda, watu watasema mzazi gani huyu, fungu lote lile na mtoto hanyonyi. Nkambana pua, Bi Zulekha. Nkambana pua mpaka akafungua mdomo, nkamtia titi. Alinyonya. Alinyonya mpaka alfajiri ile."

Bi Zulekha aliusoma mstari ule mara nyingine. Ulikuwa na visanduku viwili tu, Ndiyo na Hapana. Alishika kalamu muda mrefu. Kisha akatia alama kwenye Hapana, kwa kuwa hakuacha, na Asya akainama kutoka kitandani kutazama kama ameitia.